Gumba Linameza Wimbo Wangu

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi, na karibu nusu yake zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: kordi ninazijua, vidole vimeanza kutii, mbona gitaa langu haliimbi? Nimechagua tano. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko zote kwa sababu nilikaa nayo siku tatu, gitaa mapajani, kabla sijaandika neno.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi, nakaa Tabata Segerea. Baba alifariki mwaka jana akaniachia gitaa lake kavu, lisilotumia umeme, la nyuzi za nailoni. Hakuwa mtu wa bendi. Alikuwa akipiga jioni kibarazani akitoka kazini, na kuna wimbo mmoja aliokuwa akiuimba mdomo umefumbwa, hauna hata maneno. Nimejifundisha kwa video miezi saba sasa. Naweza kupiga besi kwa kidole gumba na wimbo kwa vidole vingine kwa pamoja, lakini nikijirekodi kwenye simu nasikia dum, dum, dum ya gumba tu. Gumba linameza wimbo wangu. Desemba ndugu wote tunakutana kumkumbuka, na natamani sana niupige. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba binti yangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Hiyo kauli yako ya gumba kumeza wimbo nimeiazima, ndiyo kichwa cha ukurasa wa leo, maana sijapata kusikia tatizo hili likielezwa vizuri hivyo. Na kufika hapo ndani ya miezi saba si kazi ndogo kwa mtu anayeingia zamu za usiku.

Tuanze na mkono wenyewe. Gumba ndicho kidole chenye nguvu kuliko vyote, kinapiga nyuzi nene kuliko zote, na kinashuka kuelekea chini kikisaidiwa na uzito wa mkono. Kidole cha pete ndicho dhaifu, nacho mara nyingi tunakipa uzi mwembamba kuliko wote. Usipoingilia kati, besi itashinda kila siku. Kwenye bendi kazi hizi wanagawana watu: yupo wa besi, yupo wa rithim, yupo wa solo, na yupo fundi mitambo anayempunguza huyu na kumwongeza yule. Ukipiga peke yako kwa vidole, bendi nzima ni wewe na fundi mitambo ni wewe.

Mimi nilipiga sekondi solo, yaani gitaa la pili la solo, miaka 18 kwenye kumbi za Ilala na Magomeni, na nilipoanza kupiga peke yangu nilikuwa na ugonjwa huu huu. Mzee mmoja wa bendi yetu alikuja nyumbani, akakataa kukaa sebuleni. Akaenda zake uani, akakaa kwenye kigoda karibu na karo, akaniambia piga. Nikapiga wimbo mzima. Akanijibu kutoka huko huko uani: "Nasikia miguu inapita. Mtu simsikii." Maneno yale yaliniuma, lakini ndiyo yaliyonifundisha. Besi ni miguu. Wimbo ndio mtu mwenyewe, na msikilizaji anataka kumtambua mtu.

Sasa fanya hivi. Kwa wiki moja usiguse besi kabisa. Na kabla hata ya kugusa gitaa, uimbe ule wimbo wa baba kama alivyouimba yeye, mdomo umefumbwa, ukipiga pasi sare zako au ukiwa umekaa dirishani kwenye daladala. Angalia unapovuta pumzi. Baba naye alikuwa akivuta pumzi mahali fulani, na nina hakika ukitulia utapakumbuka, kwa sababu mtoto anayesikiliza mzazi akiimba husikia na pumzi zake. Chukua karatasi, uchore mstari mrefu kwa kila kipande cha wimbo, na mkato mdogo kila penye pumzi. Huhitaji nota zaidi ya hiyo kwa sasa.

Kisha lishike gitaa. Laza gumba juu ya uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, likae hapo limetulia, lisipige kitu. Piga wimbo peke yake kwa kidole cha shahada na cha kati, kwa zamu. Na hapa kuna namna ya kupiga ambayo wapigaji wa Kihispania wanaiita apoyando, mimi huwaambia wanafunzi wangu ni kupiga kwa kuegemea. Kidole kikishavuta uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, hakirukii hewani. Kinapita moja kwa moja na kwenda kutua juu ya uzi wa pili, kinaegemea hapo. Kifanye taratibu ukikitazama: nyama ya ncha ya kidole inagusa uzi, inausukuma kidogo kuelekea ndani ya gitaa, uzi unaponyoka, kidole kinatua kwa jirani. Sauti inayotoka ni nene, ina mwili. Ukipiga kwa kukinyanyua kidole hewani sauti inakuwa nyepesi zaidi, nayo ina kazi yake, lakini wimbo wa baba ujifunze kwanza kwa kuegemea ili sikio lako lijue sauti kamili ikoje.

Wiki ya pili ndipo uliamshe gumba, lakini lipe ruhusa ndogo: sauti moja tu kwa kila pumzi. Kipande cha wimbo kinaanza, gumba linagusa mara moja, halafu linanyamaza mpaka pumzi inayofuata. Tumia ubavu wa gumba, ile nyama ya pembeni, na uguse kama unavyomgusa mgonjwa aliyelala kuona kama ana homa. Wewe mkono huo unao tayari, unautumia kazini kila siku. Wimbo upige kwa nguvu, besi iwe ndogo mpaka uone kama umezidisha. Ukijirekodi, simu usiiweke kwenye goti. Iweke mezani hatua tatu mbele yako, maana masikio yako yako juu ya gitaa na yanakudanganya, ilhali shangazi zako Desemba watakuwa wamekaa mbele.

Kuna na hila moja ya zamani. Pale ambapo gumba na kidole cha wimbo vinapaswa kulia pamoja, tanguliza gumba kwa kitambo kidogo sana, kama unavyofungua mlango kabla mgeni hajaingia. Besi inasikika, na papo hapo wimbo unaingia juu yake ukiwa wa mwisho kufika sikioni. Usifanye kila mahali, itachosha. Fanya mwanzo wa kila kipande tu.

Wala usidhani unahitaji vidole vyote. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi kijana aitwaye Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, Katanga, nchini Kongo, mji ambao leo unaitwa Likasi. Mwenda alikuwa akiimba kwa Kiswahili na kupiga gitaa kavu kwa gumba na kidole cha shahada, viwili tu, na wapiga gitaa wa Afrika Mashariki na Kati walimfuata kwa miaka mingi. Franco wa Kongo naye, pamoja na ukubwa wa bendi yake ya OK Jazz, alisifika kwa kuvuta nyuzi kwa gumba na kidole cha shahada. Video nyingi za siku hizi zinamkimbiza mwanafunzi kwenye mitindo kumi ya vidole kabla hajapiga wimbo mmoja ukaeleweka. Sipendezwi nazo.

Na Desemba ikifika, mkono ukakutetemeka au koo likakukaba, acha besi. Piga wimbo mtupu, uzi mmoja mmoja, hata ukiwa na mapengo. Wanaomkumbuka baba watajaza wenyewe.

Swali: Habari Mwalimu. Mimi ni mama lishe Buguruni. Nasikia mtu anayepiga gitaa kwa vidole lazima afuge kucha mkono wa kulia. Mimi siwezi, nakanda unga na kukata vitunguu kutwa. Niache?

Jibu: Usiache, dada yangu. Kucha zinaongeza ukali na mng'ao wa sauti, basi. Nyama ya kidole inatoa sauti ya mviringo, ya kiutu, na kwa wimbo wa polepole mimi naipenda zaidi. Ukiona sauti yako imefifia mno, sogeza mkono wa kulia upana wa vidole viwili kuelekea kwenye daraja, pale nyuzi zinapofungiwa. Uzi ukiguswa karibu na daraja hulia kwa ukali. Ukiguswa juu ya tundu au karibu na shingo hulia kwa ulaini. Hiyo ndiyo kucha yako. Ila pilipili nawa vizuri kabla ya kushika gitaa, maana vidole vya kushoto vya mwanafunzi vinakuwa na vidonda mwezi wa kwanza, na utajuta.

Swali: Bwana Yesu asifiwe Mwalimu. Nafundisha shule ya msingi Kigamboni na ni mwalimu wa kwaya pia. Nota za do re mi nazisoma bila shida, na kwenye gitaa napiga kila sauti mahali pake, kwa saa yake. Lakini mke wangu ananiambia nikipiga ni kama kengele ya shule. Wanakwaya wangu wakiimba wimbo huo huo watu wanalia. Kosa langu liko wapi?

Jibu: Amina mwalimu mwenzangu. Mama watoto amekupa jibu tayari, mimi nalifafanua tu. Kengele ya shule hulia ngo, ngo, ngo, kila pigo sawa na lenzake. Wanakwaya wako hawaimbi hivyo kwa sababu wana maneno mdomoni, na Kiswahili chetu kina mwinamo wake: silabi ya pili kutoka mwisho ndiyo inayobeba uzito. Hakuna Mswahili anayesema nyumbaNI. Tunasema nyuMBAni. Wewe ukihamishia wimbo kwenye gitaa maneno yanabaki nyuma, na uzito wake unabaki nayo.

Tujaribu kitu kidogo pamoja. Chukua sauti saba: mi, so, la, so, mi, re, do. Sasa zivalishe maneno: ni-me-ru-di nyu-mba-ni. Silabi saba, sauti saba. Iimbe mara tano kabla hujagusa gitaa, na uisikie jinsi RU inavyopanda na kukaa, jinsi DI inavyoanguka bila nguvu, jinsi MBA inavyoegemewa na NI ya mwisho inavyozimika kama mtu anayekaa kwenye kiti.

Kwenye gitaa, ukiichukua C kuwa do, itakuwa hivi. Mi ni uzi wa kwanza mtupu, bila kubonyeza. So ni uzi wa kwanza freti ya 3, yaani kipande cha tatu cha shingo ukihesabu kutoka kichwani. La ni uzi huo huo freti ya 5. Unarudi so, unarudi mi mtupu, halafu re ni uzi wa pili freti ya 3, na do ni uzi wa pili freti ya 1. Piga hivyo ukiimba kimoyomoyo. Ile LA ya silabi RU ipe nguvu na uikawize kidogo tu, kiasi cha mtu kuwaza jambo. SO inayofuata iguse tu. Ukifika DO ya mwisho, usiipige kwa nguvu kwa vile tu ndiyo mwisho. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanaharibu, wanapigilia msumari sauti ambayo ilitakiwa kuwekwa chini taratibu.

Halafu pumzika. Namaanisha nyamaza kweli, sauti izimwe kwa kulaza kidole juu ya uzi, upite muda wa pumzi moja, ndipo uanze kipande kingine. Wanakwaya wako wasipovuta pumzi watazimia. Gitaa haliishiwi pumzi, kwa hiyo linapiga bila kituo mpaka msikilizaji ndiye anayechoka. Vuta pumzi kwa pua wewe mwenyewe kila kipande kinapoanza, isikike. Nimewahi kukaa na wapigaji wazuri sana wa gitaa na wote wanapumua kwa sauti, hata hawajui.

Sasa rudi kwenye ile mi ya kwanza. Nimekuambia uzi wa kwanza mtupu. Lakini mi hiyo hiyo, kwa kimo kile kile cha sauti, iko pia kwenye uzi wa pili freti ya 5, na iko tena kwenye uzi wa tatu freti ya 9. Zipige zote tatu, moja baada ya nyingine, ukifumba macho. Ya uzi mtupu inang'aa, iko wazi kama mlango ulioachwa. Ya uzi wa pili ni nzito zaidi, kama mtu amezungumza kwa kifua. Ya uzi wa tatu ina giza kidogo, sauti ya alfajiri kabla mtu hajanywa chai. Nota ya do re mi haikuambii uchague ipi, kwa sababu kwake zote ni mi. Kuchagua ni kazi yako, na hapo ndipo hisia zinapoanzia.

Na zile mbili za kubonyeza zina jambo ambalo uzi mtupu hauna: unaweza kuzitetemesha. Bonyeza mi kwenye freti ya 5, piga, kisha kidole cha kushoto kikiwa bado kimebonyeza, kitikise mbele na nyuma kwa kufuata urefu wa uzi, taratibu, mara nne au tano. Hiyo ni kwa nailoni. Kama gitaa lako ni la nyuzi za chuma, tikisa kwa kuusukuma uzi pembeni kidogo. Ianze sauti ikiwa imetulia, mtetemo uje baadaye, kama mwimbaji wako wa sauti ya kwanza anavyofanya mwisho wa ubeti. Na isiwe kila sauti. Mtu anayelia kila neno watu wanaacha kumsikiliza.

Zoezi la mwisho kwako, nalo ni la kila siku dakika 5: sauti moja tu, piga mara kumi kwa nguvu kumi tofauti. Ya kwanza iwe kama unamnong'oneza mtoto asiamke, ya kumi kama unamwita konda aliyekwisha kuvuka barabara. Wanafunzi wengi wananipigia nguvu mbili tu, ndogo na kubwa, na katikati hakuna kitu. Katikati pale ndipo wimbo wote unapoishi.

Swali: Mambo vipi Mwalimu, shikamoo. Nasoma chuo, nakaa Mwenge. Nimesoma kwamba kordi za maina ni za huzuni na za meja ni za furaha. Kwa hiyo nikitaka kupiga melodi ya kuugusa moyo natumia A maina na E maina tu. Lakini nyimbo zangu zote zimeanza kufanana. Kuna kordi nyingine za huzuni?

Jibu: Marahaba kijana wangu. Hilo ulilosoma lina ukweli wake kwa muziki wa kwingine, lakini wewe umekulia kwenye jiji la muziki wa dansi, hebu tumia masikio yako. Kaa na nyimbo za dansi za miaka ya 70 zinazozungumzia kifo, kuachwa, umaskini. Nyingi zimejengwa juu ya kordi tatu za meja na hakuna maina hata moja. Na watu wazima wanainamisha vichwa. Msikilize Mbaraka Mwinshehe, enzi za Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano mpaka alipofariki mwaka 1979: yeye mwenyewe ni mwimbaji na yeye mwenyewe ni mpiga solo, na gitaa linapojibu maneno yake linajibu kama ndugu aliyekaa pembeni msibani. Uchungu wake hautoki kwenye aina ya kordi.

Unatoka wapi? Mahali pengi, lakini nitakuonyesha pamoja tu, ukapashike leo usiku. Shika kordi ya C. Gumba lipige besi yake, uzi wa tano freti ya 3. Juu yake, badala ya mi ambayo inakaa vizuri ndani ya kordi, piga fa, uzi wa kwanza freti ya 1. Utasikia haijatulia, inasuguana na kordi iliyo chini yake. Usikimbie. Ikalishe hapo, hesabu moja, mbili. Halafu ishushe iwe mi, uzi mtupu, lakini bila kupiga tena kwa mkono wa kulia: kidole cha kushoto kinachobonyeza fa kinajivuta pembeni, kinaukwaruza uzi kidogo kikitoka, na mi inazaliwa ndani ya fa. Inasikika kama mtu aliyeshusha pumzi. Kordi ni ile ile ya C, ya furaha kwa mujibu wa ulichosoma.

Siri ni kwamba sauti imekaa mahali pasipo pake kwa muda, halafu imerudi nyumbani. Urefu wa ule muda ndio unaoamua kama msikilizaji ataguswa au hatatambua chochote. Rudia kwa la kushuka so, uzi wa kwanza freti ya 5 kwenda ya 3, juu ya C hiyo hiyo. Hapo kidole kingine kiwe kimeshatangulia kubonyeza freti ya 3 kabla cha freti ya 5 hakijajivuta. Halafu ti kupanda do, uzi wa pili mtupu kwenda freti ya 1, ambapo kidole cha kushoto ndicho kinachoangukia uzi na kuufanya ulie. Miezi mitatu ya kushinda na mambo haya matatu itakufaa kuliko kordi ishirini mpya.

A maina na E maina usizitupe. Zina faida kubwa kwa anayeanza, na si kwa sababu ya huzuni: besi zake zinapatikana kwenye nyuzi tupu, wa tano na wa sita, kwa hiyo mkono wa kushoto unabaki huru kuuhudumia wimbo. Zitumie kwa sababu hiyo.

Umeniuliza pia mwisho wa barua kuhusu kelele, kwamba mnapanga vyumba vinne uani na jirani anawasha televisheni mpaka usiku. Piga usiku wakishalala, kwa sauti ndogo. Mwanafunzi wangu mmoja wa Manzese alijifunza hivyo mwaka mzima akiogopa kumwamsha mwenye nyumba, na leo simjui kijana mwenye mkono mlaini kumzidi.

Swali: Mwalimu, nakaa Kunduchi, karibu kabisa na bahari. Gitaa langu nyuzi zinashika kutu ndani ya wiki tatu, na sauti inakuwa kama bati. Pia nimeambiwa nikifunga nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni sauti itatoka kubwa na wimbo utasikika vizuri. Ni kweli?

Jibu: La pili kwanza, kabla hujafanya: usifunge. Nyuzi za chuma zinavuta kwa nguvu nyingi zaidi kuliko za nailoni, na gitaa la nailoni limejengwa kwa ubao mwepesi usiohimili mvuto huo. Niliwahi kuuziwa nyuzi za chuma Kariakoo na muuzaji akaniapia kwamba zinaingia popote. Nilizifunga Jumamosi jioni. Jumanne usiku nikasikia mlio kama mtu amevunja kiti chumbani. Daraja lilikuwa limeng'oka na kipande cha ubao, limening'inia kwenye nyuzi. Lilikuwa gitaa la marehemu kaka yangu. Fundi aliligundisha, lakini sauti yake ya zamani haikurudi.

Kuhusu kutu, jasho lako na hewa ya chumvi ndivyo vinavyokula chuma. Nawa mikono kabla ya kupiga. Ukimaliza, chukua kipande cha khanga kuukuu, pamba tupu, ukibane kwenye kila uzi na kukipitisha kutoka darajani mpaka kichwani, juu na chini ya uzi, maana chini ndiko kutu inakoanzia. Gitaa lilale kwenye mfuko wake, si ukutani mkabala na dirisha la upepo wa bahari. Hata hivyo huko Kunduchi utabadilisha nyuzi mara nyingi kuliko mtu wa Dodoma.

Kama wimbo laini ndio unaoutafuta, na fedha inaruhusu, ningekushauri utafute gitaa la nailoni moja kwa moja. Nyuzi zake tatu nyembamba hazina chuma kabisa, na zile tatu nene, ambazo zimezungushiwa waya, zitafifia na kuwa nyeusi lakini polepole. Ukizifunga mpya zitakuwa zinalegea kila saa kwa siku nne au tano za mwanzo. Usidhani umeuziwa mbovu, nailoni inajinyoosha. Tyuni, piga kidogo, tyuni tena, na siku hizo usirekodi kitu.